Uchambuzi: Jahazi la filamu la Zanzibar na wasemaji wa Kiswahili wa Ziwa Mweru

Kila ifikapo mwisho wa Julai, mji wa Mwansabombwe katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, hufurika wageni. Hufika kushuhudia Mutomboko, ngoma ya ushindi ambayo Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa Luapula, huicheza akiwa na upanga na shoka mikononi, kukumbuka safari ya wahenga wake kutoka nchi ya Mwata Yamvo, iliyo katika Kongo ya leo. Ngoma hiyo ya kale ilipangwa kuwa sherehe ya kila mwaka katika enzi ya Mwata Kazembe wa 17, Paul Kanyembo Lutaba, aliyetawala kuanzia 1961 hadi 1983.

Zaidi ya kilomita 1,000 upande wa mashariki, kunako majira hayohayo ya kipupwe, Zanzibar nayo huwa na tamasha lake la kila mwaka: Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, linalojulikana zaidi kwa kifupisho cha ZIFF. Mutomboko huenziwa na watu wa mahali pamoja. ZIFF, kwa upande wake, limekuwa jukwaa kubwa la filamu katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya wengi. Hata hivyo, wasemaji wengi wa lugha hiyo walio mbali na pwani, wakiwemo wa ufukwe wa Ziwa Mweru, hulisikia redioni tu. Historia ya tamasha hilo yaonyesha kwa nini imekuwa hivyo, na yaonyesha pia kwamba haikulazimu iwe hivyo.

Kuzaliwa kwa tamasha

Bara la Afrika lilikuwa na matamasha makubwa ya filamu muda mrefu kabla ya Zanzibar kupata lake. Carthage, nchini Tunisia, ilianza mwaka 1966. Ouagadougou, nchini Burkina Faso, ikafuata mwaka 1969. ZIFF liliasisiwa mwaka 1997, na tamasha la kwanza likafanyika mwaka 1998. Wakati huo majumba ya sinema ya Zanzibar, ambayo kwa miongo kadhaa yalikuwa sehemu ya maisha ya jioni mjini, yalikuwa yamefifia. Badala ya ukumbi wa sinema, filamu zikaoneshwa chini ya anga wazi katika Ngome Kongwe, boma la mawe lililojengwa na Waarabu wa Oman pembezoni mwa bahari.

Waasisi walilipa tamasha lao jina la pili: tamasha la nchi za jahazi. Kwa jina hilo waliziita pamoja nchi ambazo pepo za kaskazi na kusi zilikuwa zikiziunganisha kwa karne nyingi: pwani ya Afrika Mashariki, Ghuba, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi. Tuzo yake kuu ikaitwa Jahazi la Dhahabu. Muziki nao ulipewa nafasi kubwa, na Yusuf Mahmoud, aliyekuwa akisimamia upande huo, baadaye alianzisha tamasha la muziki la Sauti za Busara.

Kwa miaka mingi tamasha liliongozwa na Martin Mhando, mtengenezaji wa filamu wa Kitanzania aliyeshiriki kuongoza filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Mwaka 2022 lilitimiza awamu yake ya 25. Si jambo dogo kwa shughuli ya sanaa iliyotegemea sana wafadhili, katika nchi ambazo bajeti za utamaduni ni finyu.

Sinema inayowafuata watazamaji

Miongoni mwa mambo yote yaliyobuniwa Zanzibar, lenye uzito mkubwa kwa msikilizaji wa bara halikufanyika Ngome Kongwe. Ni mpango wa kuzitoa filamu mjini na kuzipeleka vijijini, Unguja na Pemba, ambako skrini ilitundikwa uwanjani na wanakijiji wakatazama bila kulazimika kusafiri.

Fikra ya kubeba sinema kwa gari haikuwa ngeni. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Maelezo yalitolewa kwa lugha za Kiafrika. Baada ya vita vya pili vya dunia, magari ya sinema ya serikali yaliendelea kuzunguka vijijini Rhodesia ya Kaskazini.

Tofauti ilikuwa katika nani anachagua. Filamu za enzi ya ukoloni zilikusudiwa kumfundisha Mwafrika kilimo, usafi na utii. Mtazamaji alikuwa mwanafunzi asiyeulizwa. Mpango wa vijiji wa Zanzibar uliichukua njia ileile na kuibadilisha shabaha: wanakijiji waliletewa kazi ambazo huenda zilitengenezwa na watu wanaofanana nao. Lakini mpango huo ulibaki visiwani.

Mpaka wa jahazi

Hapo ndipo jina la tamasha linapohitaji kutazamwa upya. Jahazi huishia ufukweni. Kiswahili hakikuishia hapo. Kilipanda bara kwa miguu ya wapagazi na misafara ya biashara. Mwaka 1867, David Livingstone alipofika katika mji wa Mwata Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara kutoka pwani, Mohammed bin Saleh, aliyekuwa ameishi hapo kwa miaka mingi. Nchi ya Kazembe ilikuwa kituo katika biashara ya pembe za ndovu na shaba ya Katanga. Ilikuwa pia biashara yenye doa la utumwa, na kumbukumbu hiyo haifai kufichwa.

Leo lugha kuu ya ufukwe wa Mweru upande wa Zambia ni Kibemba. Kiswahili ni lugha ya wachache: wachuuzi wanaovuka ziwa, jamaa za mpakani, na wakimbizi. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya Wakongo walikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika na kuingia Luapula. Walipokewa kwanza katika kituo cha Kenani, kisha mapema mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge.

Kwa watu hao, Kiswahili ni zaidi ya chombo cha mawasiliano. Mtoto wa Mantapala husoma katika nchi ambayo lugha ya nyumbani kwao haina nafasi kubwa shuleni. Lugha isiyosikika popote ila jikoni hupungua kizazi kwa kizazi. Redio husaidia, filamu ingesaidia zaidi, kwa kuwa humwonesha mtoto kwamba watu wanaozungumza kama mama yake wanastahili kutazamwa na kusikilizwa.

Kiswahili cha Katanga chenyewe kimekwishapata heshima hiyo mbali na nyumbani. Mwaka 2017, filamu ya Makala ya Mfaransa Emmanuel Gras, inayomfuata mchoma mkaa wa eneo la Kolwezi akisukuma mzigo wake kwa baiskeli, ilishinda tuzo kuu katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilioneshwa Toronto mwaka 2021. Njia ya kutoka Kolwezi hadi Ufaransa, au kutoka Unguja hadi Kanada, imekuwa wazi kuliko njia ya kuzifikisha filamu hizo kando ya Mweru.

Kinachowezekana

Hoja inayoweza kutolewa dhidi ya haya ni nzito. Tamasha la Zanzibar halina fedha za kutosha hata kwa mahitaji yake ya nyumbani, na si haki kulitwika mzigo wa wasemaji wote wa Kiswahili. Lakini jambo linalohitajika si kulihamisha tamasha. Linalohitajika ni filamu chache zilizokwisha kushinda, ruhusa ya wenye haki miliki, skrini, projekta na jenereta.

Mfano upo karibu. Shirika la FilmAid, lililoanza mwaka 1999 likiwaonesha filamu wakimbizi wa Kosovo, baadaye lilipeleka maonesho ya wazi katika kambi za Kakuma na Dadaab nchini Kenya, na likawafunza vijana wa kambini kutengeneza filamu zao wenyewe. Tofauti ya lahaja nayo si kikwazo kisichovukika. Katika vibanda umiza vya Tanzania, watafsiri wa sinema wamezoea kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Msimulizi wa Nchelenge angeweza kuiweka filamu ya Unguja katika Kibemba, na jirani Mzambia akaketi pamoja na Mkongo.

Hata hali ya hewa yaruhusu. Julai ni kiangazi Luapula, na skrini ya uwanjani haihofii mvua. Ndio mwezi ambao Mwansabombwe tayari ina wageni, viongozi na waandishi wa habari. Sherehe inayokumbuka safari ya watu kutoka Kongo si mahali pabaya pa kuanzia kuzungumza juu ya waliovuka juzi.

Zanzibar imethibitisha kwa zaidi ya miaka 25 kwamba filamu zaweza kuoneshwa bila jumba la sinema, na kwamba tamasha laweza kumfuata mtazamaji kijijini kwake. Waandaaji, wafadhili na mamlaka za Zambia sasa wana swali moja la kujibu: je, kijiji hicho lazima kiwe kisiwani?