Kitwa na Kichwa: Lafudhi za Pwani na Adabu ya Msafiri

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Waliotembea wanajua kuwa kusafiri kwingi ni kusikia mengi. Mtu huweza kuishi miaka sitini katika mtaa mmoja akiamini kwamba Kiswahili ni kimoja tu, nacho ni kile anachokisema yeye. Siku akipanda basi kuelekea kaskazini ndipo hutambua kuwa lugha yake ina nyumba nyingi, na kwamba katika baadhi ya nyumba hizo yeye ndiye mwenye matamshi ya kushangaza.

Mwaka mmoja nilifuatana na jamaa watatu kutoka Dar es Salaam kwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi. Tulipita Tanga, tukavuka mpaka Horohoro, tukalala Mombasa. Asubuhi mama mwenye nyumba alimwita kijana mmoja katika sisi, mzaliwa wa Morogoro: “Ndoo, mwanangu, ndoo!” Kijana akainuka kwa adabu, akaenda uani, akarudi na ndoo mkononi. Mama akaitazama ndoo, akamtazama na mwenye kuileta, kisha akauliza kwa upole: “Kwani huna ndaa?” Kijana akazidi kuduwaa. Ndipo mzee wa nyumba alipotufumbulia fumbo: kwao njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, na njia ni ndia. Mama alikuwa akimwita kwenye chai, mahamri na mbaazi.

Tulicheka sote, na mama alicheka zaidi yetu. Mzee, ambaye zamani alisomesha, hakuliacha jambo lipite hivyo. Alitueleza kuwa Kimvita hakikosei Kiunguja, bali kinafuata kanuni yake. Mara nyingi penye “ch” ya Unguja, Mombasa husema “t”: kichwa ni kitwa, macho ni mato, mchele ni mtele, na huko kucheka kwetu kwao ni kuteka. Ukifika Lamu utakuta “j” imegeuka “y” katika maneno kadhaa, hata moja ikawa moya na kuja ikawa kuya. Anayeijua kanuni haoni neno lililoharibika. Huona ndugu wawili waliolelewa katika nyumba mbili.

Kisha akatutaka tuweke viganja mbele ya midomo, akatamka maneno mawili: paa la nyumba na paa wa porini. La kwanza halikutoa pumzi, la pili liligonga kiganja. Akafanya vivyo hivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Masikio yetu ya Dar es Salaam yalikuwa yakiyasikia maneno hayo kuwa sawa miaka yote, kwa kuwa maandishi ya shuleni hayana alama ya kuyatenga. Wazee wa Mombasa wanayatenga kwa pumzi tu, wala hawahitaji alama. Nilijiuliza kimoyomoyo: ni nani basi mwenye Kiswahili pungufu?

Yafaa tukumbuke jinsi Kiswahili cha shuleni kilivyopatikana. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliegemea lugha ya mji huo, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Edward Steere naye alikaa Unguja, akatoa mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyosemwa huko. Miji miwili, vitabu viwili. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu katika Afrika Mashariki, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kusimamia lugha hiyo. Mkutano huo uliochagua lugha ya Unguja ulifanyika Mombasa. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara kwa njia za misafara ya biashara, na watawala walitaka lugha moja ya kufundishia. Hiyo ni sababu ya kueleweka, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini ni sababu ya biashara na utawala. Haikuwa hukumu kwamba watu wa Unguja wanasema vyema na wengine wanasema vibaya.

Kutoka Mombasa tuliendelea hadi Mokowe, tukapanda mashua, tukaingia Lamu. Huko mgeni hukumbuka jambo jingine ambalo shule husahau kumwambia. Hao anaowasikia wakisema “moya” ni warithi wa washairi wakubwa. Ni kwa lugha ya kaskazini Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa nasaha, yapata mwaka 1858. Ni kwa lugha hiyo pia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Leo mwanafunzi wa sekondari huzisoma tungo hizo akiwa na orodha ya maana za maneno pembeni. Mtoto wa Lamu akifika shuleni na maneno hayo hayo mdomoni, huambiwa anasema kishamba.

Misafara niliyoitaja ilikipeleka Kiswahili mbali na bahari. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alitoka Unguja akafika mashariki ya Kongo, na katika njia za namna hiyo lugha ikaota mizizi mipya. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Huhitaji kufika Lubumbashi ili ukisikie. Simama Kariakoo siku wafanyabiashara wa Kikongo wanaponunua vitambaa, utasikia “batu” na “batoto”. Utasikia pia wachuuzi wakiwaiga kwa sauti, na wengine wakipandisha bei mara tu lafudhi inapowafichulia kuwa mnunuzi ni mgeni. Mgeni huyo amevuka nchi mbili na kuileta fedha yake kwetu, naye anazungumza nasi kwa lugha yetu. Sijui ni heshima gani zaidi tunayoitaka kutoka kwake.

Baadhi ya lafudhi hazina tena hata mji wa kurudia. Barawa, katika pwani ya Somalia, ina Kiswahili chake kiitwacho Chimwiini, na ndiyo lugha aliyotungia mashairi ya dini bibi mcha Mungu ajulikanaye kama Dada Masiti. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, familia nyingi za Barawa zilikimbia. Baadhi walifika Mombasa, na wengine wakafika hata Uingereza na Marekani. Huko hakuna shule ya Chimwiini wala soko la Chimwiini. Kimebaki na makao mamoja tu, nayo ni nyumba. Bibi akinyamaza na wajukuu wakaona haya kukisema, hakuna kamati itakayokirudisha.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia katika ukurasa wetu wa familia. Wako mabinti walioolewa mbali na kwao, kutoka Pemba hadi Dar es Salaam au kutoka Lamu hadi Nairobi, ambao katika mwezi wa kwanza wa ndoa waligeuzwa kichekesho na mawifi. Kila wakifungua kinywa, neno lao hurudiwa kwa kejeli. Kejeli huitwa utani, lakini utani una pande mbili, na huyu yuko peke yake. Matokeo yake nimeyaona: binti msemaji hodari kwao huwa bubu ukweni. Wapo pia watoto wanaochekwa darasani, wakirudi nyumbani huwakataza mama zao kuzungumza mbele ya rafiki zao. Mtoto anayeona haya kwa ulimi wa mama yake amekwisha kujifunza kumwonea haya mama mwenyewe.

Qur'ani Tukufu, katika Surat Rum, aya ya 22, inataja kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Tunajua vyema kuwa haifai kumcheka mtu kwa rangi aliyoumbwa nayo. Ulimi umetajwa pamoja na rangi katika aya hiyo hiyo.

Basi nifanye nini, atauliza mzazi. Kwanza, tusiwanyime watoto Kiswahili sanifu. Watakihitaji katika mtihani, kazini na katika gazeti kama hili. Lakini mtoto anaweza kubeba viwili bila kuelemewa, kama anavyokuwa na nguo za shule na nguo za nyumbani. Mwambie “shuleni tunaandika kichwa, kwa bibi tunasema kitwa”, wala usimwambie kuwa bibi anakosea.

Pili, mkisafiri likizo hii kwenda kwa jamaa, wape watoto kazi ya kusikiliza. Kila mmoja arudi na maneno kumi ambayo hakuyajua: majina ya samaki, ya vyombo vya jikoni, ya pepo za bahari, na namna wenyeji wanavyosalimiana. Kule Mombasa watakutana na “Wambaje?”, nao wajifunze kuijibu badala ya kuicheka. Tatu, simu tunazozitumia kupigia picha za pilau zinaweza pia kurekodi sauti. Mketishe bibi, mwombe asimulie harusi yake au safari yake ya kwanza ya chombo, umwache aseme kwa ulimi wake bila kumsahihisha.

Na wewe mwenye nyumba, mgeni wako akilitamka neno usilolizoea, muulize kwao linaitwaje na lina maana gani. Pengine utajifunza jambo, kama sisi tulivyojifunza mbele ya sinia la mahamri. Panapo majaliwa, juma lijalo tutazungumzia adabu za kumpokea mkwe mara ya kwanza. Wabillahi tawfiq.