Usimtazame kwa mizinga yake

Kijana wako akiunda kwa maboksi mfano wa Goetzen, meli ya Wajerumani iliyofungwa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, msimulie habari yote. Ilipita hapa Tabora kwa treni ikiwa vipande, ikiifuata njia ya zamani ya misafara hadi Kigoma. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina jipya, Liemba.

Je, yule aliyetubu kanisani kwenu bado unamtazama kwa mizinga yake ya zamani? Mungu amekwisha kumwopoa. Leo baada ya ibada mfuate, mpe mkono. Na kijana aunde mfano wa pili: Liemba, bila mizinga.