Aibu Ndiyo Inayowapeleka Sebuleni



Yamezuka maneno hapa kwetu Inver Grove Heights, na bila shaka ng'ambo ya mto Mississippi pia, kuhusu kina mama wanaochomwa sindano za uso. Upande mmoja wako wanaoulizana kwa kunong'ona: Botox au fila? Upande wa pili wako waheshimiwa wanaokemea harusini, misibani na kwenye vikao vya jumuiya: "Huko ni kuukana uzee! Huko ni kuwaiga Wazungu!" Naandika kuwapinga hao waheshimiwa. Si kwamba nazipenda sindano, la hasha. Ni kwamba kelele zao zinawasukuma dada zetu mahali pabaya kuliko sindano yenyewe.

Tuanze na hilo la kuiga. Tangu lini Mswahili akauacha uso kama alivyoamka nao? Bibi harusi wa Unguja husuguliwa singo hadi ang'ae. Liwa tumejipaka, wanja tumetia, hina na piko tumechora. Na nyinyi akina baba mnaokemea, semeni kweli: hizo ndevu nyeusi tii, nanyi mna wajukuu wanne, zimetoka wapi? Zimetoka dukani, kwenye boksi. Mkipaka nyinyi ni unadhifu, akichomwa mwanamke ni kufuru?

Wapo wanaouliza kwa upole zaidi: kwetu mwenye mvi huamkiwa shikamoo, kwa nini mtu aikimbie heshima yake? Swali zuri. Lakini hapa mama wa miaka 55 anagombea kazi na binti wa miaka 25, na kwenye usaili hakuna anayempa shikamoo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1967 inakataza kumbagua mfanyakazi wa miaka 40 na zaidi kwa ajili ya umri wake. Kama ubaguzi huo usingekuwapo, sheria ya nini?

Aibu inazaa nini? Tunalo somo la karibu. Mwaka 2011 idara ya afya ya Minnesota ilipima bidhaa 27 za kung'arisha ngozi zilizokuwa zikiuzwa hapa hapa, Minneapolis na Saint Paul. Bidhaa 11 zilikutwa na zebaki. Nani angekwenda kumweleza daktari kuwa anajipaka mafuta yale, ilhali tulikwisha kumcheka mbele za watu? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi tuyaseme wazi. Sindano hizi ni za aina mbili kubwa, na hazifanyi kazi moja. Botox hutokana na sumu ya bakteria iliyopunguzwa mno, nayo hulegeza msuli. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Inafaa kwa mikunjo inayotokea unapokunja uso au unapocheka, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu au minne. Dysport ni ndugu yake, lakini yuniti zao si sawa: kwa mikunjo hiyo kipimo kilichoidhinishwa ni yuniti 20 za Botox, au 50 za Dysport. Anayekuahidi "yuniti nyingi kwa bei ile ile," mwulize kwanza ni yuniti za nini.

Fila hailegezi kitu, hujaza. Nyingi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroni na hudumu miezi sita hadi mwaka na zaidi. Ikikosewa, daktari anaweza kuiyeyusha kwa dawa. Sculptra, ambayo huuchochea mwili utengeneze kolajeni, haiyeyushwi namna hiyo. Hatari kubwa ya fila ni kuingia kwenye mshipa wa damu: ngozi yaweza kufa, na mtu aweza kupofuka. Kwa anayeanza, hiyo ni sababu tosha ya kutaka ile inayoyeyuka, na mchomaji mwenye dawa ya kuiyeyusha mkononi.

Na ngozi yetu sisi? Weusi wake huikinga na jua, kwa hiyo mikunjo midogo hutuchelewea. Mara nyingi kinachotuzeesha ni mashavu kupungua na madoa kuongezeka. Botox haijazi shavu wala haifuti doa! Kwa madoa, anza na krimu ya kukinga jua na daktari wa ngozi. Kila tundu la sindano laweza kuacha doa jipya, na mwenye makovu yanayovimba aseme kabla hajachomwa. Ama zile sindano za kung'arisha ngozi, za glutathioni, FDA haijaidhinisha hata moja.

Lakini swali la Botox au fila ni la tatu. La kwanza ni nani ameshika sindano, na la pili ni chupa imetoka wapi. Mwezi Aprili 2024 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kilitangaza watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika kwa sindano za namna ya Botox, baadhi zikiwa bandia. Wote walikuwa wanawake, na 11 kati yao walilazwa hospitali. Walichomwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au mahali pasipo pa tiba, kama majumbani na spa. Kwa nini mtu akubali kuchomwa sebuleni? Bei, ndiyo, na rahisi imevunja upishi. Lakini sebuleni pia hakuna wa kumwona. Kliniki ina maegesho, na maegesho yana macho ya jumuiya.

Ndugu zangu wa kazi za uuguzi, nanyi nisikilizeni. Tuko wengi, na chuo cha Inver Hills kinachofundisha uuguzi kiko hapa hapa mjini. Botox ni dawa ya kuandikiwa. Cheti cha kuhudumia wazee hakimpi mtu ruhusa ya kuichoma, na hata muuguzi mwenye leseni huchoma kwa agizo la mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Bodi za uuguzi na za udaktari za Minnesota zimeziweka leseni wazi, na kutafuta jina ni bure. Anayekasirika ukimwuliza leseni yake amekwisha kukujibu.

Dada yangu, ukichomwa kisha ukaona vitu viwili viwili, kope zikalegea, ukashindwa kumeza au kupumua, nenda chumba cha dharura saa hiyo hiyo, useme ulichomwa nini, wapi na nani. Heri jumuiya ikucheke kuliko ikuwekee matanga.

Nanyi waheshimiwa, mkisimama tena kukemea, kemeeni chupa isiyo na lebo na mchomaji asiye na leseni. Uso wa mtu mzima mwachieni mwenyewe.