Karai Litangulie Kompyuta
Mwanafunzi aigaye kwa kompyuta jinsi umeme na sumaku visukumavyo maji ya chumvi hana budi kuanza na karatasi. Mkondo wa ampea 2 ukipita kati ya mabamba yaliyoachana sentimita 5, ukikata kwa pembemraba uga wa sumaku wa tesla 0.1, kani ipatikanayo ni nyutoni 0.01 tu, yaani uzito wa gramu 1 hivi. Kompyuta ikionyesha maji yakienda mbio, imetii tarakimu potofu. Hata meli ya Kijapani Yamato 1, yenye sumaku za tesla 4 hivi, mwaka 1992 ilikwenda kilomita 15 hivi tu kwa saa. Yafaa walimu wadai kwanza hesabu ya mkono na jaribio la karaini. Picha ije baadaye.