Bibi Akichomwa, Mnashangilia Nini?

Msimu wa kuuza pamba, vibanda umiza vya Bariadi hujaa hadi mlangoni. Wakulima wamelipwa, vijana wana senti mfukoni, na mwenye kibanda anaijua filamu itakayomkalisha mtu saa mbili kwenye benchi la mbao bila kulalamikia joto. Ni ile ya mwanamke anayelipiza kisasi. Niliingia kwenye kimoja, upande wa Somanda, nikaitazama hadithi tangu mwanzo. Mke mkubwa aliyefukuzwa kwa kukosa mtoto amezeekea peke yake kwenye kijumba cha nyasi, amejifunza dawa, na sasa anawamaliza watoto wa mke mdogo mmoja baada ya mwingine. Mwishoni kijiji kinamzingira usiku, kinammwagia petroli, kinawasha kiberiti. Kibanda kizima kilisimama. Vijana wakapiga makofi, akina mama waliobeba watoto mgongoni wakapiga vigelegele, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ya kuridhika, "Hapo sawa. Imeisha vizuri."

Mimi sikupiga makofi. Nilipoulizwa kulikoni, nikasema yule mama nimemwonea huruma, na jibu nililopata nje ya kibanda ndilo ninalolisikia kwa walimu, kwa wachungaji, kwa wazazi, hata kwa waandishi wa hadithi wenyewe: mwanamke mbaya lazima aadhibiwe mwishoni, na anayemwonea huruma anawafundisha watoto uovu. Alidhulumiwa, sawa, lakini wangapi wamedhulumiwa na hawakuua? Huruma ni ya mtoto aliyekufa.

Maneno hayo yanavaa nguo za maadili. Naamini ni uvivu wa kufikiri, na katika mkoa wetu uvivu huo una damu ndani yake.

Simiyu ilipata kuwa mkoa mwaka 2012, lakini kuwaua vikongwe kwa tuhuma za uchawi tulikurithi tukiwa bado sehemu ya Shinyanga. Kati ya 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu zaidi ya 3,000 kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa huku Usukumani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2013 peke yake waliuawa watu 765, wakiwamo wanawake 505. Filamu haikuanzisha jambo hili. Lilikuwapo kabla kibanda cha kwanza hakijapata jenereta. Ila mwisho tunaoudai kwenye skrini, wa bibi na umati na moto, sisi hatuujui kwa kuutunga. Tunaujua kwa kuuona.

Mchumi mmoja, Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya habari za vijiji 67 vya wilaya yetu ya Meatu akachapisha utafiti wake mwaka 2005. Aliweka mvua upande mmoja na mauaji upande mwingine. Miaka ambayo mvua ilikataa kabisa, au ilizidi mpaka ikaleta mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka ya kawaida, huku mauaji ya aina nyingine yakiwa hayajapanda namna hiyo. Waliouawa, wengi walikuwa wanawake wazee. Waliowaua, mara nyingi walikuwa ndugu zao. Nimezaliwa mahali ambapo watu huapa kwamba bibi fulani aliuawa kwa sababu alikuwa nogi, yaani mchawi, na hapa naona aliuawa mwaka ambao ghala lilikuwa tupu. Macho mekundu tunayoyataja kama ushahidi ni macho ya mtu aliyepikia wanawe na wajukuu kwa kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu kuni zimekwisha.

Mtu ataniambia nachanganya mambo mawili. Bibi wa Meatu hakuwa na hatia, lakini huyu wa kwenye filamu tumemwona kwa macho yetu akikoroga sumu. Jibu hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote. Tumemwona, ndiyo. Nani ametuonyesha?

Huku kwetu, kazi ya kuonyesha ni ya mganga. Aliyefiwa na mtoto anakwenda kwake, kuku anapasuliwa, yanatazamwa ya ndani, na anarudi nyumbani na sura ya mtu kichwani: ni mwanamke, mzee, anakaa upande wa machweo. Tumeipa jina, ramli chonganishi, na wapigaji wake wamekamatwa mara nyingi kwa kuchochea mauaji. Sasa itazame kamera. Inamfuata bibi usiku wa manane, inaingia naye chumbani, inatuonyesha anachokifanya pale ambapo hakuna jirani anayeweza kumwona. Hatia yake inakuwa haina hata tone la shaka. Hakuna hakimu duniani aliyewahi kupata ushahidi wa namna hiyo, ila aliyetoka kwa mganga hujiona anao. Kijana aliyeangalia filamu kumi za aina hii anatoka kibandani akiwa amezoea utamu wa kuwa na uhakika.

Ndiyo maana nasema mwandishi aliyejipa uwezo wa kutuonyesha dhambi ya mtu mpaka uvunguni mwa kitanda ana deni. Atuonyeshe na kilichotangulia, kwa urefu uleule. Filamu niliyoitazama ilimpa mume aliyemfukuza mkewe dakika zisizozidi mbili. Mume yule hakufa. Alikuwamo kwenye umati ule, ameshika dumu la petroli, naye alipigiwa makofi pamoja na wenzake.

Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alilipa deni hilo tangu 1971. Rosa wa riwaya yake Rosa Mistika si mlipiza kisasi, lakini wasomaji wengi walimhukumu kwa ukali tunaomhukumia huyu wa filamu, na kitabu chenyewe kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Kabla Rosa hajakosea lolote tumekwisha kumwona Zakaria, baba yake, na ulevi wake, na kipigo alichompa bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Huwezi kufika kwenye makosa ya binti bila kupita mlangoni kwa baba.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Djibril Diop Mambéty wa Senegal. Filamu yake Hyènes ya mwaka 1992, aliyoitoa kwenye tamthiliya ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt, inamhusu Linguère Ramatou, mwanamke mzee anayerudi kwao Colobane akiwa tajiri kupita kiasi. Alipokuwa msichana alipata mimba ya Dramaan Drameh. Drameh aliikana, akaleta mashahidi wa uongo wawili, watu wakawaamini, na msichana akaondoka kwao akaishia kuuza mwili wake. Sasa amerudi na sharti moja: nitawapa utajiri, mniulie huyu mwanamume. Wanakijiji wanakataa kwa hasira. Kisha taratibu wanaanza kununua vitu kwa mkopo. Viatu vipya, mashine za nyumbani, kila mtu akijua deni litalipwa na nini.

Nimeitazama mara tatu na kila mara nimeshindwa kupata mahali pa kushangilia. Mambéty hamsafishi Ramatou. Anachotaka ni mauaji, na hofu ya Drameh tunaitazama kwa karibu, mzee wa watu akitafuta msaada kwa mkuu wa polisi, kwa meya, kwa mtu wa dini, na asiupate. Lakini hamtii moto ili sisi tulale usingizi. Kijiji kilichomhukumu msichana kwa ushahidi wa kununuliwa ndicho kinachomuua mzee kwa fedha za Ramatou, na mikono ni ileile. Adhabu ya Ramatou peke yake ingetufichia hilo.

Narudi kwa mtoto aliyekufa, maana sitaki mtu aseme nimemruka. Yule mtoto wa mke mdogo hakumkosea mtu. Kumwonea huruma aliyemuua hakumpunguzii yeye kitu. Mimi sitaki muuaji aachiwe, kwenye hadithi wala nje yake. Nataka akamatwe, ashtakiwe, afungwe. Na nataka tumhurumie. Mahakama zetu zenyewe haziyaoni haya mawili kuwa maadui: mtu akishatiwa hatiani, huulizwa ana lipi la kusema kabla hajaadhibiwa. Mwizi wa ng'ombe wa Maswa hupewa nafasi hiyo. Bibi wa filamu hakupewa sentensi moja. Alipofungua mdomo, mwongozaji aliweka muziki.

Na lile swali la wangapi walidhulumiwa na hawakuua? Ni wengi. Nawajua baadhi, wamekaa kimya katika nyumba za wadogo zao, wanalima vibarua, hawajamloga mtu. Uvumilivu wao ni wao. Tunapoutaja ili kummaliza yule aliyeshindwa kuvumilia, anayenufaika ni mwanamume aliyewafukuza wote wawili, kwa maana mazungumzo yanakwisha bila jina lake kutajwa.

Nje ya kibanda kile huwa anakaa mama mmoja mzee, anauza karanga za kukaanga. Tangu nimfahamu alikuwa akizitandaza kwenye ungo, ungo mpana uliosukwa vizuri, na watoto walipenda kuchagua kwa mkono. Jioni nyingine nilipotoka mapema nilimkuta anapakia. Filamu ilikuwa haijaisha ndani, bado dakika chache, na wateja wake huwa wanatoka mwisho. Nikamuuliza, "Mayu, mbona mapema?" Akaniambia siku hizi huondoka kabla ya mwisho, kwa sababu vijana wakitoka wakiwa wamechangamka huanza kumtania kwamba ungo wake anaurukia usiku. Wiki iliyofuata nilimkuta tena pale pale. Karanga alikuwa amezimimina kwenye beseni la plastiki.