Shule za ufundi za Kiislamu: prefe achaguliwe kwa kazi yake

Wazazi wengi Waislamu wa Maniema na Kivu wanalipa minervali ili watoto wao wajifunze ushonaji, mekanike au umeme katika shule za dini yao. Ni feza ya jasho. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yanahusu shule za msingi. Kwenye ufundi, mzazi ndiye anayebeba mzigo. Ana haki ya kuuliza mtoto wake anapata nini.

Jibu liko sana mikononi mwa prefe. Katika mapatano ambayo serikali ilitia sahihi na makanisa mwaka 1977, na ambayo Waislamu waliyaingia baadaye, serikali inaweka programu, inatuma wakaguzi na kulipa walimu (ingawa wengi wangali wanangoja kuingizwa kwenye orodha). Jumuiya ya dini ndiyo inaongoza shule, na sauti yake ni kubwa katika kuchagua wakuu. Hapo ndipo mambo yanaweza kuharibika: mtu anaheshimiwa msikitini, anakabidhiwa shule yenye atelie, na hajawahi kushika bisibisi. Uchamungu ni jambo jema, lakini hautengenezi cherehani iliyokufa.

Prefe anayejua kazi anaonekana kwa vitu vidogo. Atelie inafunguliwa saa ya mazoezi, hata siku yeye yuko safarini. Kuna daftari ya vyombo, na inasomwa. Mwalimu akiomba uzi au mafuta, anajibiwa juma lile lile, hata kama jibu ni hapana. Fundi wa sokoni anaalikwa kupima kazi ya wanafunzi kabla ya Mtihani wa Serikali. Na waliomaliza mwaka jana, anajua wanafanya kazi wapi. Hakuna hata kimoja hapo kinachongoja mfadhili kutoka Ghuba.

Vita na umaskini vimeumiza shule hizi, hilo halibishwi. Wazee wa Kasongo wanajua pia kwamba wakati wa Wabelgiji feza za masomo zilikwenda zaidi kwa misheni za Kikatoliki, na wazazi wengi walificha watoto wao kwa kuogopa ubatizo. Lakini ufunguo wa atelie uliopotea leo haukupotezwa na Mbelgiji.

Viongozi wa jumuiya watangaze, kabla ya kumtaja prefe mwingine, masharti wanayofuata, na fundi mmoja anayefanya kazi awe kati ya wanaochagua. Kamati ya wazazi nayo iombe kuona ile daftari ya vyombo.