Kijana wa Buguruni hakosi ari, anakosa tarehe

Shtaka ni lilelile kila mwaka: vijana wa mijini ni wavivu, hawataki kazi, wanashinda vijiweni wakisuka mikeka ya kubeti. Anayelitoa apite Buguruni, Dar es Salaam, alfajiri. Wachuuzi wameshapanga bidhaa sokoni, makonda wanagombea abiria pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Mandela, na bodaboda wameshaanza kuisaka hesabu ya tajiri. Jioni, wengi wa haohao watakuwa wameshika simu, shilingi mia tano ikiwa imezama kwenye mkeka wa timu kumi na mbili.

Mtu mmoja anawezaje kuwa mchapakazi asubuhi na mcheza bahati jioni? Jibu limo ndani ya ubongo, na si jibu la kuwafurahisha wanaouza semina za hamasa.

Kemikali inayohusika sana na ari ni dopamini, inayotolewa na kundi dogo la seli za neva katikati ya ubongo. Wengi huiita kemikali ya raha. Majaribio yanaonyesha kazi nyingine. Katika miaka ya 1990, John Salamone wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, aliwapa panya njia mbili: moja yenye chakula kidogo kisicho na kikwazo, nyingine yenye chakula kingi nyuma ya kizuizi cha kuparamia. Panya wa kawaida waliparamia. Waliopunguzwa dopamini katika sehemu moja ya ubongo waliridhika na kile kidogo. Hamu ya kula walikuwa nayo, kwani kizuizi kilipoondolewa walikimbilia chakula kingi kama wenzao. Kilichopungua ni utayari wa kukitolea jasho.

Naye Wolfram Schultz, akiwa Fribourg, Uswisi, alipima seli hizo kwa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Juisi ya ghafla ilizichangamsha. Nyani alipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikawa zinachangamkia taa, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ilipowaka na juisi isije, zilinyamaza, tena wakati uleule juisi ilipotakiwa kufika. Mwaka 2017 Schultz, Peter Dayan na Ray Dolan walipewa tuzo ya Brain Prize kwa kazi iliyotokana na ugunduzi huo. Ubongo, kumbe, hutunza daftari la ahadi. Kila ahadi inayotimia huongeza nguvu ya kujaribu tena. Inayovunjwa hukatwa humohumo.

Ndiyo maana upatu unadumu uswahilini. Mama ntilie anayetoa mchango wake kila siku anajua zamu yake ni lini, na kijumbe anajulikana mpaka mlango wa nyumba yake. Bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba naye anajua kwamba kila malipo yanamsogeza karibu na siku ya kuandikiwa kadi jina lake. Huyo huamka hata siku ya mvua. Mwenzake anayepeleka hesabu tu, mwaka hadi mwaka bila kumiliki hata tairi, ana ubongo uleule lakini hana cha kuutarajisha.

Kubeti kunaingia kwenye pengo hilo. Mwaka 2003 Schultz na wenzake walionyesha kuwa juisi inapokuwa na nafasi sawa ya kuja au kutokuja, seli za dopamini huendelea kuchangamka muda wote wa kusubiri. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Luke Clark waligundua kwamba kukosa kidogo tu huamsha maeneo yaleyale ya ubongo yanayoamshwa na ushindi, na humfanya mchezaji atake kucheza zaidi. Mkeka uliochanwa na timu moja ya mwisho ni wa namna hiyo. Tena majibu yake yanakuja usiku uleule.

Linganisha na mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2018 iliufanya kuwa wa lazima. Aprili 2023 Serikali iliusitisha, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Sababu ilikuwepo: CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, alikuwa ameanika vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Lakini kikundi halali kilichokuwa na katiba, akaunti na barua ya mtendaji kilifunzwa somo lilelile la nyani aliyeona taa bila juisi.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ingeanzia hapo. Ofisi ya Kata ya Buguruni ibandike ubaoni tarehe ambayo kila kikundi kilichoomba kitapewa jibu, hata likiwa la kukataliwa, pamoja na sababu. Mkopo wa kwanza uwe mdogo na utoke haraka. Ukirejeshwa, mkubwa zaidi ufuate kwa tarehe iliyotangazwa tangu mwanzo. Utaratibu huo unawabana wadanganyifu kwa sababu kikundi hewa hakina subira ya kurejesha fedha kidogo. Bajeti ya semina za kuwahamasisha vijana inaweza kuwalipa maofisa wa kuusimamia.